Alama Mbili za Ngolo

Mara ya kwanza Baltazar kukutana na Mwalimu Hildegardi, alidhani atamridhisha kwa kikombe cha ushindi. Ilikuwa mwaka tisini na tano, wanunuzi binafsi wa kahawa wameruhusiwa, naye, akiwa mmoja wao, alitaka jina lake lijulikane Mbinga nzima hadi Ziwa Nyasa. Akaona adhamini chemsha bongo ya sekondari ndogo ndogo. Hildegardi, mkuu wa shule ya wazazi kule Mbuji, akamfuata ghalani.

"Bwana Baltazar, kikombe kitazuia mvua? Darasa letu ni la nyasi. Weka mabati."

Walivutana mpaka jua likageuka. Baltazar alianza na bati kumi. Yule mama akaondoka na ahadi ya arobaini kwa mshindi, na chai yake hakuigusa. Baltazar, aliyeanza maisha kwa kuchuuza dagaa wa ziwani, alimkubali kimoyomoyo.

Siku ya fainali, ukumbi wa parokia moja ya mlimani ulijaa. Mbuji na Lundo, shule ya kando ya ziwa, walikuwa sawa, limebaki swali moja la alama mbili. Methodi, mwamuzi mgeni aliyekuja na maswali kwenye bahasha, akauliza wakulima wafanye nini ili mvua isichukue udongo kwenye mteremko mkali. Scholastica, mwanafunzi wa Mbuji, akadakia: wachimbe ngolo. Watu wakacheka kwa raha. Mmatengo gani hajalima mashimo yale, nyasi zimefukiwa kwenye kingo zake, maji yakituama humo badala ya kubeba shamba?

Methodi akatazama karatasi. "Si sahihi."

Swali likaenda Lundo. Wakasema matuta, wakapewa alama.

Hildegardi alisimama. "Ndugu Mwamuzi, chungulia dirishani. Mlima wote huo ni ngolo. Hiyo karatasi yako imelima wapi?"

Methodi akajibu kwamba yeye anasahihisha kilichoandikwa, si mazoea ya bibi za watu. Hapo ndipo alipoharibu. Wazazi walianza kupiga miguu sakafuni. Hata Cuthbert, mwalimu wa Lundo, aliomba swali lirudiwe. Methodi akafunga bahasha, na macho yote yakamgeukia mwenye mabati.

Baltazar alipiga hesabu haraka. Methodi alikuwa na marafiki kwenye ofisi za kutoa leseni za kununua kahawa. Akawakabidhi Lundo mabati. Kisha akamkimbilia Hildegardi mlangoni, akamnong'oneza kwamba atampelekea bati ishirini kimya kimya.

"Ya kujificha sitaki," mwalimu akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Rudi pale mbele useme mtoto alijibu sawa. Ukisema hivyo, hata bati moja usilete."

Baltazar akampita, akaelekea kwenye lori lake.

Msimu ule Hildegardi alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wakulima wamgomee, na Mbuji hawakumuuzia Baltazar hata debe moja la kahawa. Lundo waliezeka vizuri, lakini wao ni watu wa samaki na muhogo. Hawakuwa na cha kumuuzia. Darasa la Mbuji lilivuja mvua zote za mwaka ule, atlasi zikaoza. Baltazar alipata leseni yake, na lori lake likashuka mlimani likiwa tupu.