Siku Niliyokaa Kwenye Mtihani wa Watu Wengine

Kwetu Kamembe kila mtu anaisimulia habari hii kwa namna yake, na wengi wanaisimulia vibaya, kwa hiyo leo naisema mwenyewe, ingawa najua nikifika katikati uso utaniwaka kama kawaida na nitatafuta pa kuuficha. Anayetaka kucheka acheke. Mimi siku ile sikucheka.

Naitwa Mwamini. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi, chuo chenyewe kiko huku huku Rusizi, na baba yangu ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na tangu siku nilipopokelewa chuoni hakuna mteja aliyetoka karakanani kwake bila kuambiwa, "Mutoto yangu ni ingénieur." Siyo atakuwa. Ni! Mimi nikipita pale na mfuko wangu mgongoni wateja wananigeukia kama wanataka niwajengee daraja jioni hiyo hiyo, na mimi nasalimia haraka haraka naondoka, kwa sababu kuna jambo Papa hakulijua: kalkulasi ilikuwa inanitoa roho.

Sekondari nilifaulu hesabu kwa kukariri. Chuoni tukaanza dérivée, yaani kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani pale pale kilipo, na mwalimu wetu, Mwalimu Évariste, akatuletea herufi moja inaitwa h. Hii h iko karibu na sifuri lakini siyo sifuri, unagawanya kwayo kama vile ni kitu, halafu dakika ileile unaitupa kama vile si kitu. Wenzangu wakaandika. Mimi nikabaki naona kama kuna mtu ananidanganya mchana kweupe na siwezi kumshitaki. Na Mwalimu Évariste (amekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akianza kukasirika anaacha Kiingereza anaingia Kiswahili) alikuwa na tabia ya kugeuka ghafla na kumwita yeyote ubaoni. Basi mimi nikatafuta kijana mmoja wa Gashonga mwenye mabega kama kabati, nikakaa nyuma yake muhula mzima. Mwalimu akigeuka, mimi nimeinama nafunga kamba ya kiatu. (Viatu vyangu vingi havina kamba.) Muhula ukaisha hajawahi kuniona uso, na mimi nikahesabu hiyo kuwa bahati.

Sasa siku ya mtihani. Asubuhi Maman akaniwekea chai na maandazi, sikuweza kumeza hata kipande. Nje mvua, ile mvua yetu ya kutoka ziwani ambayo haianzi kidogo kidogo, na dereva wa pikipiki akawa anashuka mteremko polepole kama amebeba mayai, mimi nyuma namwombea Mungu mambo mawili kwa pamoja, tusianguke na nisichelewe. Hatukuanguka. Kuchelewa, nilichelewa.

Nilipofika chuoni watu wanakimbia huku na huku wameweka mifuko ya plastiki kichwani, kumbi zote zinafanana, milango yote ya rangi moja, na karatasi zilizobandikwa ukutani kuonyesha nani anaingia wapi zimelowa mpaka wino umetiririka. Rafiki yangu Clarisse simuoni. Nikaona kundi la watu wanaingia mlango mmoja na rula zao na kikokotoo mkononi, nikajiambia ndio hao, nikawafuata. Mlangoni alisimama msimamizi, Madame Espérance, mama mrefu wa miwani, na nilipofika mbele yake akaniuliza kitu. Sikusikia. Mvua juu ya mabati ilikuwa inapiga kelele kama mtu anamwaga changarawe, niliona midomo yake tu inacheza. Ningeweza kusema, "Samahani, Madame, sijasikia." Ni maneno machache hayo, hata mtoto anayaweza. Lakini nilikuwa nimelowa, nimechelewa, nyuma yangu watu wanasukuma, nikaona aibu.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akanionyesha nafasi moja tupu karibu na dirisha, nikaacha mfuko wangu barazani pamoja na ya wengine, nikaingia, nikakaa. Sikumtazama mtu. Niliona tu kwa pembeni kwamba jirani yangu simjui, nikafikiri wametuchanganya na idara nyingine ili tusiangaliziane. Nikageuza karatasi.

Jamani. Sijui niwaeleze vipi ule woga. Swali la kwanza lilihusu bamba la chuma linalopashwa moto upande mmoja, na katikati ya swali kulikuwa na alama kama herufi d lakini imepinda mgongo, kama d ya mzee. Nikafikiri mashine ya kuchapisha imeharibika. Swali la pili lina d hiyo hiyo, na pembetatu iliyosimama kwa kichwa. Mashine haiwezi kuharibika namna hiyo. Nikasoma mpaka mwisho, hakuna swali hata moja ninalolijua, na kila nikiinua macho naona wenzangu wanaandika, wanaandika kwa raha kabisa, mmoja ameshaomba karatasi ya kuongeza. Nikaamini kabisa kwamba haya yote yalifundishwa, yalifundishwa wakati mimi nafunga kamba ya kiatu. Nikamwona Papa karakanani ameweka miwani yake juu ya paji la uso anauliza, "Na matokeo?" Nikaona machozi yanataka kushuka juu ya karatasi ya chuo.

Kutoka nje niliogopa. Kuuliza niliogopa zaidi. Basi nikafanya ninachokijua: kila nilipoona x yenye kipeo, nikashusha kipeo, nikapunguza moja, nikasonga mbele. Nilitafuta dérivée ya kila kitu kilichonikalia vibaya, nadhani hata namba ya swali niliitafutia. Na lile swali la bamba la chuma, kwa kuwa sikuona x ya kushika, nikaandika kwa maneno kwamba upande wenye moto utakuwa na joto kuliko upande mwingine na kwamba ni vizuri kusubiri lipoe kabla ya kulishika.

(Ndiyo. Niliandika hivyo. Chini nikapiga mstari kwa rula.)

Mvua ikapungua, na katika ule utulivu nikasikia viatu vya Madame Espérance vinapita kati ya meza, anakagua kadi za wanafunzi. Yangu ilikuwa mfukoni, barazani. Akaenda kuileta mwenyewe, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Wewe ni wa mwaka ya kwanza."

"Ndiyo, Madame."

"Hapa ni mwaka ya tatu."

Watu wakainua vichwa. Mimi nikahisi kiti kinazama.

"Nilikuuliza pale mulangoni kama uko wa mwaka ya tatu. Ukakubali kwa kichwa. Na hii nafasi ni ya musichana moja ambaye hajafika." Akainama mpaka nikaona uso wangu ndani ya miwani yake. "Ni nani alikutuma umufanyie mtihani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nakiogopa tangu asubuhi kilikuwa kitu kidogo. Kumfanyia mtu mtihani, chuoni kwetu, ni kufukuzwa, wewe na yule aliyekutuma, wote wawili. Nilijaribu kusema kwamba sikusikia, kwamba ni mvua, kwamba msichana huyo sijawahi kumwona maisha yangu, lakini yaliyotoka mdomoni yalikuwa "mvua, Madame, mvua," basi, mvua tu. Nikaomba niende kwenye mtihani wangu. Akasema mlango wao umeshafungwa zamani. Akanikalisha mbele kwenye kiti kilichowaelekea wote, nisubiri Mwalimu Évariste, kwa sababu somo ni lake, mwaka wa kwanza na wa tatu. Nikakaa pale hadi mwisho. Kila aliyekwama kwenye swali aliinua macho afikirie, na alichokuta mbele yake ni mimi.

Sasa, mambo ya nje niliyasikia baadaye. Clarisse, mwenzangu wa darasa (wazazi wake walirudi kutoka Bukavu, tumezoeana kwa ajili ya Kiswahili), aliona kiti changu kitupu mtihani mzima. Alimaliza mapema, akanipigia, simu inalia ndani ya mfuko barazani, hakuna anayeitikia, akapiga nyumbani kwetu, na Maman akamwambia nilitoka asubuhi na pikipiki. Mvua ile. Mteremko ule. Maman akapiga kelele ambayo mtaa mzima uliisikia. Papa akaacha mashine yake, akatoka na aproni, majirani nyuma yake, wakapita hospitalini kuuliza kama ameletwa msichana, wakaambiwa hapana, wakaja mbio chuoni kutafuta maiti yangu.

Mimi huku, karatasi zimekusanywa, wa mwaka wa tatu wanatakiwa kutoka lakini hawatoki, nani atoke? Mwalimu Évariste akaingia, Madame akamweleza, akanitazama.

"Mimi simujue huyu," akasema.

Muhula mzima nilijificha asinione, sasa ndiye mtu pekee anayeweza kuniokoa na hanijui hata uso! Nikalia. Nililia kwa sauti, sitaficha.

"Mwalimu, mimi ni wako. Nakaa nyuma."

"Bote banasema hivyo, na kadi inaazimwa." Akanipa chaki. "Tafuta dérivée ya x kipeo cha mbili. Kutoka mwanzo, siyo kwa njia ya mukato. Tuone uko wa mwaka gani."

Nikaenda ubaoni. Chaki ikavunjika, nikaokota kipande. Nyuma yangu wakubwa wote wale wananisoma mgongo. Nikaandika x kujumlisha h, yote kwa kipeo cha mbili, nikatoa x kipeo cha mbili, nikaweka h chini. Nikafungua mabano. Nikafuta vinavyofutika. Ikabaki mbili x kujumlisha h, halafu nikaitupa h yangu, nikaandika mbili x, nikageuka.

Nilijua nimepata. Mwalimu Évariste alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Lim iko wapi?"

Nikageukia ubao, nikaitafuta.

"Lim! Limite! H inaenda kwa sifuri, inaenda tu yenyewe bila muntu kuandika? Tangu mwanzo wa muhula ninapiga kelele, batoto ya mwaka ya kwanza, andikeni lim, andikeni lim, na kila karatasi haina lim!" Akamgeukia Madame, amechoka kabisa. "Huyu ni wangu. Hakuna mwingine anaweza kufanya hili kosa mbele yangu bila haya." Kisha akachukua karatasi niliyoiandika kwenye ule mtihani, akaipitia, akafika kwenye bamba la chuma, akaisoma kwa sauti mpaka kwenye kusubiri lipoe, ukumbi ukapasuka kwa vicheko, na yeye akasema, "Madame, kama kuna muntu alimutuma huyu amufanyie mtihani, tumuhurumie huyo muntu."

Na ni hapo, wakati wanacheka na kupiga meza, chaki mkononi, machozi hayajakauka, mlango ukafunguka akaingia Papa.

Akasimama. Akaniona niko mzima. Akaona ubao umejaa hesabu, nimesimama mbele, na wanafunzi wakubwa, wengine wana ndevu, wamenielekea. Nikaona uso wake unabadilika, hofu inaondoka na kitu kingine kinaingia, na kabla sijafungua mdomo akawageukia majirani.

"Munaona? Nilibaambia. Anafundisha bakubwa!"

Hakuna aliyecheka tena. Hata wale wa mwaka wa tatu waliangalia chini. Nimeogopa mengi siku ile, lakini sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa sentensi niliyotakiwa kuisema.

"Papa, sifundishi. Nilikosea mulango."

Akanitazama. Vidole vyake vilikuwa bado vimejaa masizi.

"Uko muzima?"

"Niko muzima."

"Na mtihani yako?"

"Sikuufanya."

Akamshukuru Madame na Mwalimu kana kwamba wamenitoa majini, tukatoka. Nyumbani Maman alinikumbatia kwanza, akanigombeza baadaye, kisha akanikumbatia tena. Papa alirudi karakanani bila kula.

Mwalimu Évariste aliniombea mtihani wa peke yangu, nikaufanya ofisini kwake meza moja na yeye, nikapita kwa alama za kutosha kupita na siyo zaidi. Papa nilimpelekea matokeo mwenyewe. Akayasoma, akauliza kama hayo ni mazuri, nikamwambia ukweli kwamba ni ya katikati. Akasema, "Basi soma." Na siku hizi akinisifia kwa mteja anasema, "Mutoto yangu anasomea uingénieur."

Muhula huu tumeanza integrali. Juzi Mwalimu alijaza ubao mzima, akageuka, akauliza kama tumeelewa, na darasa lote likatikisa kichwa kukubali. Mimi sasa nakaa mbele, hakuna mabega ya kujificha. Nikainua mkono.

"Mwalimu, mimi sijaelewa hata mstari moja."

Akavuta pumzi ndefu, akafuta ubao, akaanza upya. Nyuma yangu nikasikia karatasi zinafunguliwa, na kijana wa Gashonga akanong'ona, "Asante, dada." Bado naogopa, msinielewe vibaya, kila nikiinua mkono huo naogopa. Lakini kutikisa kichwa, mimi na kutikisa kichwa tumeachana.