Kifuko cha Mchele

Kifuko changu kilikuwa cha moto siku ambayo sikuwa nimekigusa.

Kilikuwa mahali pake, juu ya kopo la chumvi karibu na mafiga, kimekunjwa vile ninavyokikunja mimi. Nilitaka kukisogeza tu nichukue kijiko, nikakuta kina joto. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alishafariki, na mama alikuwa ameacha kuona siku zake tangu nikiwa sekondari. Sasa ni nani aliyekuwa na tumbo la kukanda?

Mtu mwingine angesema labda mama ameumwa mgongo, akaendelea na kupika. Mimi sikuumbwa hivyo. Nikipigiwa simu na namba nisiyoijua huwa nimeshazika mtu kabla sijapokea. Uji ulianza kushika chini ya sufuria nikiwa bado nimesimama na kile kifuko mkononi.

Nilikishona mwenyewe nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani na shahada ya mipango, bila kazi. Maumivu yangu ya mwezi yalianza nikiwa shule ya msingi. Yanakamata kiuno, yanashuka mapajani, yananitapisha. Chuoni nilimeza vidonge vya maumivu kama karanga mpaka vikanipa vidonda vya tumbo, na daktari akaniambia nitafute njia nyingine. Basi nikatafuta, kwa namna ninavyotafuta mambo, yaani nikasoma kila kitu kwenye simu mpaka nikawa na hofu mpya kwa kila nilichosoma. Tangawizi ilinichoma vidonda, nikaiacha. Kutembea kulikuwa adhabu siku ya kwanza, siku ya pili kulisaidia. Kupiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse mkeka kulinipa nafuu, ingawa mara ya kwanza mama alipita mlangoni akadhani nasali, akarudi nyuma kwa heshima. Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni joto chini ya kitovu. Ndipo nikashona kipande cha kanga, nikajaza mchele.

"Hicho nini?" mama aliuliza aliponikuta nakipasha kwenye sufuria kavu.

"Mchele, mama. Unashika joto muda mrefu."

"Mchele wa wapi?"

"Wa kwetu."

"Mchele wa Kyela!" Alipiga makofi. "Watu wa Dar wanaugombania, wewe unaulaza tumboni. Si ungeweka pumba? Si ungeweka hata mchanga wa ziwani? Msomi wangu, mchele!"

Kwao mama ni ziwani, ambako wanawake wanafinyanga vyungu, na yeye alikuzwa na kigae. Kipande cha chungu kilichovunjika kinawekwa motoni, kinaviringishwa kwenye kitambaa kibichi, msichana analala nacho tumboni. Bibi alifanya hivyo, na mama, na mdogo wake mama. "Matumbo ya kwetu ni magumu," mama alipenda kusema, kwa sauti ile ile anayosemea kwamba kwetu watu ni warefu. Hakuna aliyewahi kwenda kuuliza popote kwa nini ni magumu.

Kigae kilikuwa kinaacha alama. Nilipokuwa mdogo tulioga pamoja, na tumboni kwake niliona michoro ya kahawia iliyosukwa mithili ya wavu wa kuvulia usipa, dagaa wa ziwani. Nilidhani kila mama anayo. Nilikuja kuelewa nilipozidisha joto, nami nikachorwa vivyo hivyo. Nilisoma kwamba ngozi ikichomwa joto mara kwa mara hujichora hivyo, na ukiacha, michoro hufifia polepole. Ya mama ilikuwa imefifia zamani, alipoachana na siku zake.

Baada ya siku ile ya kifuko nilianza kumchunguza. Aliinuka kwenye kigoda kwa kujishika ukutani. Alifua nguo zake peke yake, alfajiri, na kuzianika nyuma ya nyumba na siyo kwenye kamba ya mbele. Nilijiambia ni uzee, halafu nikajikumbusha kwamba hajawa mzee.

Shamba letu la mpunga liko upande wa Ikolo. Siku moja tukipalilia, mama aliacha mstari katikati, akapiga magoti kwenye tope, akainama mpaka kilemba chake kikakaribia maji. Nilimtambua pale pale. Hivyo ndivyo ninavyokaa mimi kwenye mkeka.

"Mama?"

"Nimeona gugu."

Alikaa hivyo muda mrefu. Aliposimama, mkononi hakuwa na gugu lolote.

Mvua ilitukuta, ile mvua ya kwetu isiyotoa taarifa, tukakimbilia kibanda cha kulindia ndege. Mama alifungua kanga aikamue, blauzi ikapanda, nikaliona tumbo lake. Ule wavu ulikuwa umerudi. Haukuwa mabaki ya zamani. Ulikuwa mweusi, na katikati ya matundu yake ngozi ilikuwa nyekundu, mbichi. Mtu anayejikanda mara moja moja hachorwi hivyo. Alikuwa anajikanda kila siku, na kwa moto mkali kuliko niliowahi kuuvumilia mimi.

Wiki nzima nilitunga namna ya kumuuliza. Nilitunga sentensi za upole, za ukali, za kuanzia mbali. Nilizifanyia mazoezi chooni. Siku nilipofungua mdomo, tukigeuza kakao iliyoanikwa kwenye jamvi, hakuna hata moja iliyotoka.

"Mama, kifuko unakitumia wewe?"

"Kifuko gani?"

"Cha mchele."

"Ule mchele si wangu? Nimeulima mimi."

"Unaumwa wapi?"

"Mimi nilidhani ulisomea mipango. Kumbe ulisomea matumbo."

Nilicheka. Ndivyo anavyotoroka siku zote, unacheka na yeye ameshapita. Lakini safari hii nilimwambia kwamba nililiona tumbo lake kibandani. Aligeuza kakao, akaokota punje moja iliyoota ukungu, akaitupa mbali.

"Zimerudi," alisema.

"Nini?"

"Siku zangu. Tangu kabla ya Krismasi. Nilidhani zimekwisha, kumbe zilipumzika tu."

Hakuniangalia. Sauti yake ilikuwa na aibu, lakini nyuma ya aibu niliisikia fahari ndogo, ya mwanamke aliyepata gauni lake la usichana sandukuni akakuta bado linamtosha. Fahari hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Zinakuja kila mwezi?"

"Zinakuja zinapotaka. Na tumbo ni lile lile la kwetu, limekuwa gumu zaidi tu. Usimwambie mtu. Mjane anaona siku zake! Kanisani watasema nina langu."

Mimi, ambaye kila kipele kwangu ni kansa, safari hii sikuwa na haja ya kubuni. Nilishasoma, kwenye kurasa zile zile za tumbo na joto, kwamba damu inayotoka miaka baada ya hedhi kukoma si hedhi, na mtu asikae nayo, hata likiwa tone moja. Nilimwambia. Nilimwambia twende hospitali kesho.

"Tukimaliza palizi," alisema.

Palizi haikuwa inakwisha. Alichagua kila siku eneo jingine. Nikavunja agizo lake, nikampigia simu mama mdogo.

Mama mdogo anafinyanga na kuuza vyungu vyake sokoni, na ana mdomo ambao hata wanunuzi wanauogopa. Alifika na tenga la vyungu, akalitua uani, akasimama mbele ya dada yake bila kukaa.

"Nimesikia umekuwa msichana tena."

Mama alinitupia jicho. "Nani kakwambia?"

"Na yale magego yako yaliyong'oka, nayo yamerudi? Hebu fungua mdomo nione. Na mchumba je, yuko njiani? Utuambie mapema tutwange mchele wa harusi."

Mama alianza kucheka. Alicheka akishika tumbo, akaendelea kulishika kicheko kilipokwisha, akatafuta ukuta kwa mkono mwingine. Mama mdogo aliacha utani. Alimshika bega, akashusha sauti.

"Dada, vaa. Tunakwenda."

"Palizi..."

"Magugu yatakungoja. Yana pa kwenda?"

Hospitalini muuguzi alimuuliza maumivu alikuwa anayatuliza na nini. "Joto," mama alijibu, akaonyesha tumbo bila kuambiwa. Muuguzi aliangalia ule wavu kwa muda. Hakumgombeza. Alisema joto ni zuri kwa tumbo la hedhi, hata yeye hulitumia, lakini hapa lilikuwa linatuliza kitu kingine. Wakatuandikia kwenda Mbeya.

Mbeya walimkata kipande kidogo cha nyama kwenda kupima, wakatuambia turudi kwa majibu. Siku za kungoja nilizimaliza na simu mkononi mpaka mama akaninyang'anya na kuikalia. Majibu yalikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na imeshatoka ilipoanzia, imeingia kwenye kuta za nyonga. Daktari alieleza mambo ya mionzi Dar. Mimi niliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Mama aliuliza moja tu.

"Kwa hiyo zile hazikuwa siku zangu?"

"Hazikuwa, mama."

"Ndaga," alisema. Ndivyo tunavyoshukuru huku kwetu. Alilisema taratibu, ameinamisha kichwa, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

Sasa tuko nyumbani tunangoja tarehe ya Dar. Anapewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, chungu, inayomfanya asinzie katikati ya maneno. Daktari aliruhusu joto la kiasi mgongoni mpaka mionzi itakapoanza, basi nakipasha kifuko, nakijaribu kwanza kwenye kiwiko changu, naweka kitambaa katikati ili asizidi kuungua. Nilivyovisoma kwa ajili ya tumbo langu navifanya kwenye mwili wake. Namsugua kiuno kwa ngumi, kwa mzunguko, taratibu. Tunapumua pamoja. Nusu saa hivi anapata nafuu, halafu hapati.

Juzi siku zangu zilikuja. Nilijikunja upande wa pili wa mkeka nikijitahidi nisitoe sauti, lakini huwezi kumficha mwanamke wa kwetu tumbo. Alikitoa kifuko mgongoni mwake, akakisukuma kuelekea kwangu.

"Chukua. Mimi nimeshapata."

Hakuwa amepata. Tulisukumiana mara kadhaa mpaka kikapoa.

Jana nikashona cha pili. Nilikata kanga, nikafungua gunia la mchele mpya, nikaanza kuchota kwa kikombe. Mama alikuwa amelala mlangoni panapoingia mwanga, macho wazi, ananiangalia. Nilikuwa na majibu tayari, kama kawaida yangu, zaidi ya moja. Kwamba pumba zinanuka zikipata moto. Kwamba ni vikombe vichache tu. Kwamba hata watu wa Dar hawataona pengo.

Nilichota polepole ili nimpe nafasi ya kuuliza mchele ni wa wapi. Punje zilimwagika sakafuni, nikaziacha makusudi.

Hakuuliza. Nilipofunga uzi alinyoosha mkono, nikampa.