Siku Nilipolifunga Gari kwenye Dirisha la Bi Mwanaidi

Niseme mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaani ambao kila wakiihadithia wanaiongezea: ni kweli, siku ya ndoa ya Rukia, binti wa marehemu kaka yangu, mimi ambaye ndiye niliyetakiwa kumuozesha nilikuwa nimechutama barabarani Mji Mkongwe, na kanzu mpya na joho la kuazima, naomba kwa dirishani nifunguliwe gari langu lililofungwa mnyororo kama mbuzi wa Idi. Hilo la joho kuchanika ni uzushi. Mengine yote yalitokea.

Chanzo ni waya. Mwaka jana nilinunua gari la umeme (dogo, la mitumba, halina sauti, na kwa miezi mitatu sikuwa na mazungumzo mengine, hata mke wangu Zuhura akawa anawaonya wageni mlangoni), na nyumba yetu imo ndani ya uchochoro ambamo gari haliingii hata ulisukume kwa ubavu. Huliacha ukingoni mwa barabara, mbele ya nyumba ya Bi Mwanaidi, mjane mwenye ukumbi mpana wa chini, naye akanikubalia nipitishe waya wa kuchajia dirishani kwake. Haji, fundi wangu wa umeme wa mtaa wa Amani, alinishauri ninunue waya mfupi, nichaji kazini, nikimaliza niukunje niutie kwenye buti. Lakini mimi nilikuwa nshasoma. Nilisoma wiki mbili mtandaoni, urefu wa waya, unene wa waya, joto la plagi, usiku Zuhura ananiuliza jambo mimi naitikia "naam" bila kujua nimeulizwa nini, na mwisho nikaagiza waya wa mita ishirini, mnene kama mkono wa mtoto, uliokuja kwenye boksi umejizungusha kama chatu.

Haji alipouona alicheka kwanza. "Profesa," akasema (mimi si profesa, nina shahada mbili na makala za magazetini, lakini Haji hunipandisha cheo kila ninapokosea), "hii yote shaba. Wataukata kabla ya Ijumaa."

Neno hilo likaniingia. Nikanunua mnyororo, nikauzungushia waya, nikaupitisha kwenye matundu ya rimu ya tairi la mbele, nikaurudisha dirishani, ncha zake mbili nikaziingiza baina ya nondo, na kufuli nikalifungia ndani kabisa, ukumbini kwa Bi Mwanaidi, ambako mkono wa mwizi haufiki. Kila nikitaka kuondoka nilibisha hodi, nikaingia, nikafungua, nikapewa chai.

"Bwana we, funga waya," Haji akaniambia. "Gari unalifungia nini?"

"Gari lisipoondoka, waya nao hauendi pahala."

"Na wewe je?"

Nikamwona hana elimu.

Sasa ndoa. Ilikuwa iswaliwe Alasiri msikiti wa Bububu, nje ya mji, upande wa bwana harusi, kisha hapo hapo mimi nimuozeshe Rukia. Kaka yangu aliniambia hilo akiwa kitandani hospitali, amenishika kifundo cha mkono: "Mwanangu utamuozesha wewe, kwa mdomo wako." Nikamwahidi. Nililikariri tamko lile mwezi mzima, bafuni, kazini, mbele ya kioo. Na kwa vile nilitaka siku hiyo gari liwe limejaa chaji pomoni (lilikuwa nayo ya kwenda Bububu na kurudi mara nne, lakini nilitaka lijae), asubuhi nikalichomeka na kulifunga.

Saa nane na nusu nikatoka na Sheikh Masoud, mzee wetu aliyemsomesha kaka yangu chuo cha Kurani, nikamkalisha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, nikenda kubisha hodi kwa Bi Mwanaidi. Mlango umefungwa. Dirisha limeshushwa pazia. Ndani vicheko, udi, na muziki.

"Hodi!"

"Nani huyo?" sauti ya Bi Mwanaidi. "Huku wanawake watupu, mwanamme haingii!"

Kumbe Rukia alikuwa anapambwa humo, kwa sababu ngazi za nyumba yetu zinawashinda wazee. Zuhura alinambia siku tatu kabla. Nadhani ni mojawapo ya zile naam zangu.

Nikapenyeza ufunguo baina ya nondo, chini ya pazia. "Zuhura, nifungulie kufuli, nimechelewa."

"Mume wangu, sina mkono," akajibu. "Nina hina mbichi yote miwili."

"Basi mwenzio yeyote."

Kicheko kikalipuka. Wanawake kumi na saba, wote wamenyoosha mikono mbele wanasubiri ikauke. Mpakaji hina alikuwa na mikono mikavu, lakini alikuwa na mguu wa mtu mapajani. "Nikiuwacha mguu huu, ua linakatika," akasema, na kwa sauti yake nikajua habanduki. Bibi harusi alipakwa jana yake, hina yake ilishakauka, lakini amefunikwa kanga na Bi Mwanaidi amekataza asiinuke mpaka ifike habari kuwa keshaolewa.

Akaja Bi Mwanaidi mwenyewe, ambaye haoni vizuri hata mchana. Nikawa namwelekeza kutoka nje, nimechutama, uso kwenye pazia: juu kidogo, Bibi, si hapo, hapo, zungusha. Nikasikia mlio mdogo wa chuma.

"Umeanguka," akasema.

"Wapi?"

"Nyuma ya kasha."

Kasha lile la mninga halisukumwi na wanawake wenye mikono mikavu, seuze wenye hina. Wanywaji kahawa wa barazani upande wa pili wakasogea na vikombe vyao. "Profesa," mmoja akaniuliza, "linakula majani au pumba?" Simu ikalia: Bububu wanauliza tupo wapi. Nikasema tunatoka sasa hivi. Ikalia tena. Nikasema tupo njiani, na Sheikh Masoud, ndani ya gari lililofungwa, akanitazama.

Akafungua mkanda mwenyewe. "Niwakilishe," akasema.

"Sheikh, dakika mbili tu."

"Watu wanasubiri na swala haisubiri. Niwakilishe, mwanangu, mimi ntamuozesha kwa niaba yako."

Mnywaji kahawa mmoja alikuwa na vespa, ina nafasi ya mtu mmoja tu nyuma. Basi nikasimama kando ya tairi langu, nikampa Sheikh Masoud mkono, nikamwakilisha kwa maneno machache, nusu yake nimeyasahau, na yeye akapanda vespa kwa ubavu, ameshika kilemba, wakaondoka. Mimi nikabaki eti nilikomboe gari niwafuate. Nikapiga simu teksi (hatimaye), dereva akasema yupo kwenye foleni Darajani, haendi mbele harudi nyuma.

Ikaadhiniwa Alasiri nipo pale pale. Nikaswali msikiti wa jirani, nikarudi, nikachutama tena. Teksi haijafika. Na ghafla ndani wakapiga vigelegele, virefu, vya wanawake kumi na saba, mpaka njiwa wakaruka paa zima. Habari imefika. Rukia keshaolewa.

Nikasikia kitu kinakwaruza sakafu nyuma ya kasha, kisha kufuli likalia ka! na mnyororo ukalegea mkononi mwangu. Pazia likasogea kidogo, ukatoka mkono umejaa maua ya hina mpaka kiwikoni, umeshika kufuli, na mwiko wa pilau alioutolea ufunguo kaubana kwapani.

"Ami," akasema Rukia. "Kumbe hukwenda?"

Nilikuwa na maelezo ya kutosha, ya urefu wa mita ishirini. Nikapokea kufuli.

Waya ule nimemuuzia Haji, akaupima kwa kilo, bei ya shaba, na hilo liliniuma kuliko angenicheka. Nachaji kazini, kwa waya mfupi, na Zuhura akinambia jambo naweka simu chini nimtazame usoni. Kuhusu mnyororo, nshaapa: mlango nitafunga, sanduku nitafunga, lakini kitu chenye magurudumu sitakifunga tena maisha yangu. Rukia ana picha ya video ya ndoa, kila akija hunikaribisha tuitazame pamoja. Namwambia ntaitazama. Sheikh Masoud, wanasema, alilitaja jina langu vizuri sana.