Tangazo la Kifo cha Zahanati

Kwetu Kilbrone, ikigonga saa tano asubuhi, hata birika huzimwa. Attracta Durcan anasoma matangazo ya vifo kwenye redio ya kijiji, na asiyesikiliza anaweza kukosa mazishi, kosa ambalo hapa halisahauliki. Zamani alikuwa mkunga. Alitupokea wengi tulipozaliwa, sasa anatutangaza tukiondoka. Kipindi kikiisha kinawekwa mtandaoni, na ndugu zetu walioko Boston wanalia huko huko.

Mwaka jana ofisi ya afya ya mkoa iliamua kufunga zahanati yetu. Walibandika barua mlangoni, basi. Colm, mume wa Attracta, ana ugonjwa wa moyo, na hospitali iko mwendo wa saa moja na nusu. Attracta akapiga simu mara tisa, akaambulia muziki wa kusubiri. Mimi ningetukana. Yeye alivaa miwani, akaingia studio, na baada ya marehemu wawili wa kweli akasoma kwa sauti ile ile:

"Zahanati ya Kilbrone imefariki, baada ya kupuuzwa kwa muda mrefu. Imeacha wagonjwa mia sita. Maombolezo ni Jumanne saa nane, mlangoni kwake. Maua hapana. Njooni na sandwichi."

Fintan, meneja wa redio yetu, alipauka. "Attracta, watatunyang'anya leseni."

"Waje. Nitasomea juu ya trekta."

Jumanne tulifika watu mia nne, tumevaa nyeusi. Bwana Mulvihill wa ile ofisi ya afya ya mkoa alikuja kuchukua funguo. Tukampanga mlangoni kama mfiwa, tukampa mkono mmoja mmoja.

"Pole kwa msiba, bwana."

"Pole sana. Mlikuwa karibu na marehemu?"

Kwetu huwezi kuukataa mkono wa rambirambi. Alipofika kwenye mkono wa mia hivi, jasho lilikuwa linamtiririka. Nilifurahi, sifichi.

"Mama, kesho ulikanushe lile tangazo," akamwambia Attracta. "Zahanati haijafa. Uamuzi unaweza kuangaliwa upya."

Attracta akamsogezea kinasa sauti. "Rudia hapo, mwanangu. Boston nao wasikie."

Akatazama ule mstari wa watu, akarudia.

Zahanati bado iko wazi, Jumatatu na Alhamisi, na Colm huwa wa kwanza kwenye foleni. Lile tangazo Attracta hajalichana. Analo mkobani, na Mulvihill anajua.