Kimya Kilichomwamsha Mama Feni

Hebu mwone kwanza akiingia, mengine yatafuata. Ni alasiri. Mlango wa sebule unasukumwa kwa kiwiko, anatokea mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, bisibisi inachungulia mfukoni mwa aproni. Kwapani amebana feni ya meza iliyong'olewa panga zake, mkononi ana kikombe cha chai. Simu inaita juu ya kabati. Anataka kuipokea, kwa hiyo anakiachia kikombe. Sikusema anakiweka. Anakiachia hapo hapo hewani, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake nisubiri hapa, narudi sasa hivi.

Kikombe hakijui kusubiri.

"Cha ngapi leo?" anauliza mumewe kutoka kwenye kochi, bila kuondoa macho gazetini.

"Kilikuwa na chai kidogo tu."

"Sijauliza chai, Kamanda. Nimeuliza kikombe."

Kikombe chenyewe ni cha plastiki. Nyumba ile haina chombo cha kioo wala cha udongo tangu mama huyu arudi kutoka angani. Kule aliishi miezi mingi mahali ambapo kitu ukikiachia kinakaa pale pale ulipokiachia, na ingawa miaka imepita, mikono yake haijapata habari kwamba ameshahama. Akili ilishuka naye siku ile ile. Mikono bado iko njiani.

Mtaani wanamwita Mama Feni. Watoto wanadhani ni kwa ajili ya kibanda chake cha uani, anakotengeneza feni za majirani. Wakubwa wanajua kwamba zamani alikuwa mkuu wa kituo cha angani, ila habari hiyo haimsaidii mtu ambaye feni yake imegoma kuzunguka, kwa hiyo hawaitaji sana. Ni mumewe tu, mwalimu mstaafu, anayemwita Kamanda, na humwita hivyo hasa anapojiandaa kumpinga.

Na ubishi wa nyumba ile ni mmoja: feni ya chumbani. Haizimwi. Msimu wa joto inazunguka, sawa, hakuna mwenye neno. Msimu wa baridi nayo inazunguka, watu wamejifunika hadi puani. Mama Feni hatafuti ubaridi wake, anatafuta mvumo. Bila mvumo hapati usingizi hata lepe. Mwalimu kwa upande wake amekuwa akilala na sweta, soksi na kofia ya sufu kama mtu anayengoja basi, na mwaka huu kifua kimemshika kikakataa kumwachia. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamwambia akae mbali na upepo. Mwalimu akajibu kwamba upepo ameuoa.

Siku ya kisa hiki alikuja wifi yake Mama Feni, dada wa Mwalimu, fundi cherehani mwenye mdomo usio na kifungo. Alimkuta kaka yake anakohoa, akamzunguka akimtazama juu hadi chini.

"Kaka, umekuwa kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Nani amekuanika?"

"Muulize wifi yako."

"Wifi, utanimalizia kaka yangu, na mimi ninaye huyu huyu mmoja."

"Namtunza asiharibike," alisema Mama Feni. "Vitu vya zamani vinataka hewa."

Wakacheka wote watatu. Kisha wifi akasema, huku anapima pazia kwa macho, "Lakini si kuna chumba cha wageni? Kiko tupu. Beba godoro, kaka, ulale huko mpaka kifua kitulie. Feni ibaki na mwenyewe."

Mwalimu aliendelea kucheka kidogo, halafu akaacha. Alikuwa analifikiria. "Si wazo baya," alisema. "Wiki moja tu. Au mbili."

Mama Feni alichukua feni yake isiyo na panga akatoka uani, na njiani akaiachia bisibisi hewani, ikadondoka, wala hakugeuka kuiokota.

"Nimesema nini kibaya?" aliuliza wifi.

"Wewe hujakosea," alisema Mwalimu. "Ila kuna mtu mwingine aliwahi kuhamishwa chumba."

Mtu huyo alikuwa Bwana Bustani. Kituoni walikuwa watatu: Mama Feni akiwa mkuu, Rubani, dada mmoja mwembamba mwenye ulimi wa pilipili, aliyepewa kazi ya kukiendesha chombo cha kuwarudisha nyumbani, na Bwana Bustani, mpole wa kifua kipana, ambaye shughuli yake ilikuwa kuotesha miche ya saladi kwenye trei. Mchana alikuwa malaika. Akilala, alikoroma mpaka vijiko vikatetemeka kwenye mifuko yao. Wanawake wale wawili walivumilia wiki ya kwanza, wakavumilia ya pili, kisha wakapiga kura, naye akashindwa kwa wingi wa kura.

"Nenda kaikoromee miche yako," mkuu alimwambia. "Yenyewe haina masikio."

Bwana Bustani akabeba mfuko wake wa kulalia akahamia chumba cha miche, ncha ya mwisho kabisa ya kituo. Kwa kuwa pampu za maji kule zilikuwa na kelele, mkuu alimpa vizibo vya masikio kwa mkono wake mwenyewe. Alidhani anamfanyia hisani.

Kituo kilikuwa kizee. Kilifanana na gari la urithi: kila fundi aliyepita ameongeza waya wake na kuahidi kurudi kuufunga vizuri. Na ndani yake feni zilivuma bila kupumzika, kwa sababu moja ambayo huku chini hatuna haja ya kuijua. Huku pumzi yako ya moto hupanda juu yenyewe, hewa mpya ikaingia. Kule hakuna juu. Feni zikisimama na wewe umelala umetulia, pumzi uliyoitoa inabaki mbele ya uso wako, unaivuta tena, unaitoa tena, mpaka unajifunika na pumzi yako mwenyewe kama blanketi.

Walikuwa wamelala umeme ulipokatika. Kilichomwamsha mkuu hakikuwa king'ora, maana king'ora nacho kilikula umeme ule ule. Kilichomwamsha ni kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, ambao hawakuwahi kuona kituo cha angani ila kimya chake walikijua. Alifumbua macho gizani, akasikia mapigo ya moyo wake, na akaelewa kwamba hajawahi kuyasikia humo ndani.

Amri ya hali ile aliijua. Yeye ndiye aliyewakaririsha wenzake. Umeme ukifa wote, kituo hukosa kinachokishikilia kitulie, huanza kujigeuza, polepole kwanza, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa mto. Kikishika kasi, chombo kilichofungwa ubavuni hakitaweza kubanduka, na waliomo hawatarudi tena nyumbani. Kwa hiyo: wote chomboni, funga mlango, ondokeni. Asiyefika, amebaki.

Rubani alikuwa ameshafika mlangoni mwa chombo, tochi kichwani, anaita kwenye redio. "Bwana Bustani hajibu."

"Ameziba masikio," alisema mkuu. "Vizibo nilimpa mimi. Sikiliza. Taa nyekundu ya chombo ikiwaka, kituo kitakuwa kimeanza kushika kasi. Funga mlango uende."

"Na nyinyi?"

"Tutapanda kinachofuata."

"Hakuna kinachofuata, Kamanda. Hapa si stendi ya teksi."

"Basi niombee nisichelewe."

Akajivuta kwa vyuma vya ukutani, tochi kaiuma kwa meno, akapita chumba baada ya chumba. Nusu ya njia alikumbuka barakoa ya hewa. Barakoa zilikuwa zimetundikwa pale pale mlangoni, karibu na bega la Rubani, na mtu aliyewafundisha wenzake kila Jumatatu kwamba barakoa kwanza, mengine baadaye, alikuwa amezipita kama mtu anayeisahau chumvi mkononi mwake. Akasimama. Kurudi kungekula muda. Akaendelea hivyo hivyo.

Bwana Bustani alikuwa amening'inia kwenye mfuko wake kati ya trei za miche. Hakoromi. Mwenye kelele hana neno. Huyu aliyefukuzwa kwa kelele zake alikuwa ametulia kama picha ukutani, midomo imebadilika rangi. Mkuu akamwita. Akampiga makofi mashavuni. Akamfinya sikio kwa nguvu ambazo mtu mzima hafinywi. Kimya.

Ndipo akang'oa kifuniko cha trei, kile kikubwa cha plastiki, akaanza kumpepea, kama mtu anayepepea jiko la mkaa lililogoma kushika moto. Pepeo la kwanza lilikuwa zuri sana. Lilimpelekea Bwana Bustani hewa, na likampeleka mkuu mwenyewe kinyumenyume mpaka akagonga ukuta wa pili kwa kisogo. Kule ukiusukuma upepo, nao unakusukuma wewe. Akajivuta tena, akapepea, akaondoka tena kama puto. Lau kungekuwa na mtu wa kutazama, angecheka mpaka alie. Mara ya tatu alichomeka miguu yote miwili chini ya chuma cha sakafuni, akakaza magoti, akapepea. Kichwa kilikuwa kinamgonga, maana hewa mbaya ile ile naye alikuwa akiivuta. Akagawa: mapepeo mawili kwa mgonjwa, moja kwa daktari.

Alikuwa ameshaanza kuona nyota za bure ndani ya chumba kisicho na dirisha, pale Bwana Bustani alipokoroma.

Tangu siku ile hajasikia wimbo mtamu zaidi. Akakata kamba za mfuko, akamburuta vile vile alivyo, kichwa nje, mwili ndani, kama mtu anayetoroka na gunia. Kuta zilikuwa zimeanza kuwaegemea. Mlango wa chombo aliukuta wazi, na mkono wa Rubani juu ya mpini.

"Nilikuambia ufunge taa ikiwaka."

"Taa gani?" alisema Rubani.

Mkuu akatazama kwenye paneli. Juu ya ile taa palikuwa na soksi.

Walibanduka kwa mkwaruzo ambao hata leo hawapendi kuuzungumzia. Nyumbani wakubwa walimpa mkuu nishani asubuhi, na baada ya chakula cha mchana wakamweleza kwamba hataruka tena. Kiongozi, walisema, aliziweka roho mbili rehani kwa ajili ya moja. Hakubishana nao. Walikuwa na haki, na yeye angefanya vile vile kesho. Rubani naye alisamehewa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyotaja soksi. Bwana Bustani bado hupiga simu kutoa shukrani, na kila mara Mama Feni humkatiza amuulize kama siku hizi ana mtu wa kulala naye chumba kimoja. Rubani hupiga kuuliza kama amevaa barakoa.

Basi ndiyo maana alitoka uani lilipotajwa godoro. Angesema nini? Kifua cha mumewe kilikuwa kinaumwa kweli. Lakini alikwishawahi kumhamisha mtu mmoja kwa ajili ya usingizi wa wengine.

Mwalimu hakuwa mtu wa kungoja. Wifi hajamaliza hata chai yake, godoro limeshaburutwa hadi chumba cha wageni, na mwenyewe amejilaza kulijaribu, bila sweta, bila kofia, uso una raha ya mtoto aliyepewa likizo. Wifi akaaga. Uani, Mama Feni akawasha feni tatu za majirani kwa pamoja na kuziacha zivume, ajisahau na kazi.

Kisha umeme ukakatika mtaa mzima.

Panga zikapunguza mwendo, zikasimama. Majirani waliguna kama kawaida, wakatafuta pa kukaa nje. Mama Feni yeye alikuwa ameshavuka uwanja. Alijua vizuri kwamba yuko duniani, kwamba hewa ya huku inajua njia yake, kwamba dirisha la chumba cha wageni halijawahi kufungika sawasawa tangu nyumba ijengwe. Akili ilijua yote hayo. Miguu haikuuliza akili. Jikoni alinyakua kifuniko cha ndoo, na alipoingia chumbani alimkuta mumewe amelala chali, mdomo wazi, kimya.

Akapiga magoti kando ya godoro akaanza kumpepea. Bila kujua, alikuwa amechomeka vidole vya miguu chini ya kabati.

Sasa, Mwalimu ni mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa amekana kwamba anakoroma. Amekana mbele ya watoto, mbele ya wifi, mbele ya kaseti iliyorekodiwa. Upepo ulimwamsha, Mama Feni aliona kope zikicheza. Alingoja zifumbuke, aambiwe, "Kamanda, daktari alisema nini kuhusu upepo?" Hazikufumbuka. Badala yake Mwalimu akavuta pumzi ndefu, akaanza kukoroma, kwa sauti, kwa bidii, ili mtu asikie.

Ilikuwa ya uongo. Koromo lake halisi lina mluzi mwishoni, na hili halikuwa na mluzi. Mama Feni alitabasamu, wala hakuacha kupepea. Na kikohozi kilipomtekenya Mwalimu kooni, alikimeza, akakoroma zaidi.

Huko uani umeme umesharudi, feni tatu zinavuma. Wote wawili wamezisikia. Mmoja anapepea mtu aliye macho, mwingine anakoroma bila usingizi, na ukingo wa godoro uko kati yao. Hebu niambie wewe uliyekaa nami mpaka hapa: nani kati yao aache kwanza?