Dadu Saba Kwenye Sinia la Posa

Mimi ni mtu asiyeshtuka. Nimewahi kushuka kutoka Mgeta na Fuso iliyokatika breki, imejaa karoti za watu, nikaiegemeza kwenye ukingo wa barabara, nikashuka nikamalizia muhindi wangu. Darasa la saba sikulimaliza lakini leo Fuso ninazo mbili, na nyumba yangu ya Kihonda ina geti. Kwa hiyo nikiwaambia kuna Jumapili nilitamani ardhi inimeze mzima na suti yangu (ya vipande vitatu), mjue niliaibika kwelikweli.

Chanzo ni mchezo. Mpwa wangu Deo, mtoto wa dada Paulina, fundi kompyuta, alituletea mchezo wa kukaa mezani. Yeye anasimulia kisa cha kutisha, siyo cha kale, cha siku hizi hizi, simu inaisha chaji, gesti ina chumba kisichopangishwa, na kila mchezaji ni mtu ndani ya kisa, unasema unafanya nini halafu dadu zinaamua kama umepona. Ukikutana na jambo baya kupita kiasi unapungukiwa akili, na akili zinaandikwa kwenye karatasi kama alama za mtihani. Mwanzoni nilicheka. Wiki ya pili nilikuwa nafika wa kwanza na kiti changu. Mimi nilikuwa Inspekta Mashaka, mstaafu, na bila kujisifu, hakuna aliyecheza kunishinda.

Jumamosi ile Deo alikatiza kisa pale pale Inspekta ameshika kitasa cha chumba namba saba! Na kesho yake ndiyo tunapanda Mgeta kumposea Deo huyo huyo. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mpwa, msemaji ni mimi, nikiharibu mimi Deo hana mke. Lakini kichwani nilikuwa na kitasa. Deo kwa desturi ya posa anabaki nyumbani, nikawaza, yeye na vijana tunaocheza nao watakaa jioni, watamfungulia Inspekta wangu mlango mimi sipo. Basi nikazichukua dadu zote saba nikazitia mfuko wa koti. Kosa langu ni hilo tu, wala si kubwa. Zilikuwa ndani ya kifuko cheusi chenye kamba nyekundu, kazi ya mke wangu (wakati ule niliona kimependeza), pamoja na karatasi yangu ya mchezo.

Kwa wakwe tukakaribishwa vizuri. Dada Paulina akaninong'oneza, "Kaka, mbona mguu hautulii? Unataka kwenda haja?" Nikamwambia anyamaze. Mzee Pius, mjomba wa binti na katekista wa kigango, akaleta sinia. Nikachomoa mfukoni barua ya posa iliyoviringishwa kwenye kitambaa cheupe kwa madaha yote, kumbe ile kamba nyekundu imenasa kwenye kitambaa, kifuko kikaja nacho, kikafunguka, na dadu zikamwagika kwenye sinia, nyeusi, zina pembe nyingi na alama kila upande.

Mzee Pius akaokota karatasi ya mchezo iliyodondoka nazo, akaisoma kwa sauti ile ile ya kusomea somo kanisani: "Mwalimu, kafa. Sista, kafa, kichwa hakijaonekana. Mchumba, akili zimebaki tatu."

"Yesu wangu!" mama wa binti akapiga kelele. "Wamekuja kumpigia mwanangu ramli!"

Tukatolewa nje. Misa ya pili ndiyo imetoka, na njia ya kanisani inapita uani pale pale, kila muumini akanisalimia, "Shikamoo mzee, mbona mko nje na ukungu huu?" Dada Paulina analia, ananiambia, "Mwanangu akikosa mke, wewe mjomba wake utakuwa jirani yangu tu, si kaka." Hilo ndilo lililonichoma.

Mwisho bibi wa binti akasema, "Mwiteni huyo mganga wa Kihonda ajieleze."

Nikaingia. Sasa badala ya kuomba radhi kifupi, mimi nikaanza kusimulia, na mnajua nikianza, nikasimama, nikawaonyesha gesti, korido, taa inavyokatika, wazee wote wameniinamia, bibi ananiuliza, "Akaufungua?" Nikanyoosha mkono kushika kitasa cha hewani, taratibu, na nyuma yangu mlango ukalia kwiii.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika kwenye mashamba ya kabichi upande wa pili wa bonde. Niliruka juu ya kigoda, kigoda kikaniangusha, sinia, soda, barua na mimi wote chini. Alikuwa Adelina, bibi harusi mtarajiwa, ameleta chai.

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi, mpaka akafuta machozi kwa khanga. "Pius, huyu mganga gani anaogopa mlango? Mwacheni, huyu ni mjinga tu. Atozwe faini, barua ipokelewe." Kisha akazikusanya dadu akazifunga kwenye pindo la khanga. "Na hizi nakaa nazo. Harusi haifungwi mpaka huyo Deo aje mwenyewe aniambie kuna nini chumba namba saba."

Dadu kwenye posa sibebi tena, hata wanifungulie mlango nisipokuwepo. Faini ya mbuzi, kreti mbili za soda za wazee, kigoda kilichovunjika mguu na dadu mpya za Deo, jumla imenitoka shilingi laki tatu arobaini na saba elfu na mia tano.