Kesho ya Baba

Nimefundisha lugha mjini Beni miaka mingi. Mwanafunzi akinijia na kamusi kifuani, akidhani maana yote imo humo, namcheka kwanza, kisha namsimulia kesho ya baba.

Ilikuwa miaka ya uasi, uhuru ungali mchanga, nasi tulikaa Butembo. Baba, dereva wa lori, alikuwa ameshuka Kyavinyonge, ziwani, kuchukua samaki. Habari zikaja kwamba waasi wako karibu, mtaa mzima ukaanza kukimbilia vijijini. Vifurushi vyetu vilikuwa mlangoni tayari alipoingia muuza samaki mmoja, miguu imevimba kwa kutembea. Kwetu ujumbe wa mdomo ulifikishwa neno kwa neno, kwa hiyo alisimama wima kwanza, ndipo akatamka:

“Baba batoto anasema: kesho niko nyumbani. Musitoke.”

“Alikuambia siku gani?” mama akauliza.

“Iko siku tatu sasa.”

Jirani yetu akanyakua kifurushi kimoja. “Mama, twende! Kesho yake ilishapita. Bwana yako hapana tena!”

Mama hata hakumtazama. Alimshika mgeni mikono yote miwili.

“Bashi ya gari, walikuwa wameshaifunga?”

“Hapana. Ilikuwa chini, samaki iko juu yake inakauka.”

Mama akaruka! Mama yangu, mnene, mwenye haya, aliruka akapiga vigelegele. “Basi kesho yake bado haiyaanza!”

Nikaelewa papo hapo, nikaruka naye. Madereva wa kwetu walihesabu kesho tangu turubai, ile bashi, ilipofungwa juu ya mzigo. Samaki wakichelewa kukauka, mvua ikinyesha siku nne, kwao ilikuwa bado ni leo. Jirani alisema tumerukwa na akili, akaondoka na watu wake. Sisi tukafungua vifurushi.

Siku mbili tulikaa peke yetu mtaani, tukisikiliza barabara. Ya tatu, mchana, honi ililia. Baba alishuka akinuka samaki, akatazama nyumba tupu za majirani, halafu akatuona mlangoni. Hapo ndipo mama alipolia, akimpiga kifuani kwa ngumi: siku sita! Siku sita nzima!

Baba alishangaa kwelikweli.

“Lakini nilisema kesho,” akajibu. “Bashi tulifunga jana.”